Kidonda kilipona, vigelegele vikabaki

Nilikeketwa Bukwo, mashariki mwa Uganda, Desemba 1998, nikiwa na miaka 16. Kwetu Wasabiny msimu huo ulikuja kila baada ya miaka miwili, Desemba ya miaka shufwa. Alfajiri, umati umetuzunguka, nilikuwa nimeshaonywa: ukipepesa jicho, umeuaibisha ukoo. Sikupepesa. Akina mama wakapiga vigelegele.

Kidonda kilifunga, nikadhani yameisha. Miaka baadaye, harusini Kapchorwa, vigelegele vikalipuka nyuma yangu. Magoti yakalegea, jasho likanitoka, nikajikuta nimekaa nyuma ya hema nimekamata nyasi kwa mikono yote miwili. Watu wakasema ni mapepo.

Uzazi wa kwanza ulinivunja zaidi. Mkunga alivaa glavu, akashika mkasi, akaniambia nitanue miguu. Nikaganda. Sikulia, sikusema, nilifanya kile nilichofundishwa. Akanifokea kwamba nitamuua mtoto. Hakujua, na mimi sikujua pa kuanzia kumweleza.

Mshauri nasaha mmoja Mbale ndiye aliyenitajia jina la hali hii: kiwewe. Ndoto mbaya, kushtuka ovyo, kumkwepa mume, huzuni ya kila Desemba, hata hasira kwa mama yangu, vyote mzizi wake mmoja, na vinatibika. Siku hiyo nililia kilio kilichokuwa kimezuiwa tangu 1998.

Dada yangu, usingoje uchungu ukushike. Mwambie mkunga siku ya kliniki ya kwanza: "Nilikeketwa. Nieleze kabla hujanigusa." Nilisema hivyo kwa mtoto wa pili, na mkunga akaweka mkasi chini, akavuta kiti. Mume naye mwambie, mchana mkiwa mmetulia, si usiku kitandani. Wangu alidhani simpendi. Hofu ikija, vua viatu ukanyage ardhi, utaje kwa sauti mahali ulipo na mwaka huu. Maombi hunipa nguvu, lakini usimwache mshauri kwa ajili yake.

Sheria ya Uganda ya 2010 ya kupiga marufuku ukeketaji, yenye kifungo cha hadi miaka 10, au cha maisha kosa likiwa zito, inawakinga binti zangu. Sisi tuliokwisha kukatwa tunahitaji tiba.

Mwaka jana nilimuuliza mama kama naye huota. Aliendelea kuchambua maharage, kimya. Kisha akasema, "Tangu usichana wangu, mwanangu." Sasa tunakwenda Mbale wote wawili.