Maswali na Majibu: Unapohojiwa na Polisi

Barua nyingi nilizopokea safari hii zinahusu mahojiano ya polisi. Sheria za nchi hazifanani, na kwa sababu hiyo, kila ninapotaja nchi fulani, msomaji asidhani kwamba sheria hiyo inatumika kila mahali.

Kaka yangu alikamatwa bila kusomewa haki zake. Je, kesi imekufa?

Haijafa. Nimelijibu swali hili mara nyingi, na bado linarudi kwa sababu watu wanajifunza sheria kwenye filamu za Kimarekani. Hata Marekani kwenyewe mambo hayako hivyo. Katika shauri la Miranda dhidi ya Arizona la mwaka 1966, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mtu aliye chini ya ulinzi aelezwe, kabla ya kuhojiwa, kuwa anaweza kunyamaza, kuwa maneno yake yanaweza kutumiwa dhidi yake, na kuwa ana haki ya wakili hata kama hana fedha za kumlipa. Polisi wasipofanya hivyo, kwa kawaida kinachokataliwa mahakamani ni maelezo ya mtuhumiwa; mashtaka yanabaki, na mashahidi wengine wanabaki. Miranda huyo huyo alishtakiwa upya bila maelezo yake ya awali, na mwaka 1967 akatiwa tena hatiani.

Sina hatia. Kwa nini ninyamaze kama mhalifu?

Hili ndilo swali linalonisumbua kuliko yote, kwa kuwa wasio na hatia ndio wanaozungumza upesi, wakiamini kwamba ukweli utawatoa. Mtu aliyechoka na mwenye hofu hukosea saa, husahau aliyekutana naye, kisha hujirekebisha, na marekebisho hayo huandikwa kuwa ni uongo. Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kukiri kosa ambalo hawakulitenda. Mwaka 1989, vijana watano wa miaka 14 hadi 16 walikamatwa jijini New York kwa shambulio lililotokea Central Park. Baada ya saa nyingi za kuhojiwa, wanne kati yao walikiri mbele ya kamera, lakini saa zilizotangulia hazikurekodiwa. Wote watano walifungwa. Mwaka 2002 hukumu zao zilifutwa, baada ya mtu mwingine kukiri na vinasaba vyake kulingana na vile vilivyopatikana. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mahojiano yarekodiwe tangu neno la kwanza, kwani kurekodi ungamo peke yake kunaficha namna lilivyopatikana.

Haki ya kutolazimishwa kujishuhudia imo katika ibara ya 14 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na za Kisiasa wa mwaka 1966. Hata hivyo, Uingereza, tangu sheria ya mwaka 1994, mahakama inaweza kumfikiria vibaya mshtakiwa aliyenyamazia jambo analokuja kulitegemea baadaye katika utetezi wake. Kwa hiyo usiamue peke yako: omba wakili kwanza, kisha amueni pamoja kama utasema au utanyamaza.

Nilikaa kimya tu bila kusema lolote. Inatosha?

Si kila mahali. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mtu aliyekaa karibu kimya kwa takriban saa tatu, kisha akajibu swali moja lililomponza, hakuwa ameidai haki yake ya kunyamaza. Tamka wazi: "Sitajibu maswali, nataka wakili." Ukishatamka, usianze tena kupiga soga na askari.

Askari aliniambia mwenzangu ameshakiri, kumbe si kweli. Anaruhusiwa?

Marekani, ndiyo kwa sehemu kubwa. Mahakama ilivumilia uongo wa aina hiyo hiyo katika shauri la Frazier dhidi ya Cupp la mwaka 1969. Ujerumani, sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inakataza kumhadaa anayehojiwa. Mimi naona Wajerumani wako sahihi, kwa sababu uongo unaomvunja moyo mwenye hatia humvunja pia asiye nayo.

Nimeitwa kituoni "kuzungumza tu". Niende na wakili?

Ndiyo.

Binti yangu wa miaka 15 anahojiwa. Nimwambie aseme ukweli yaishe?

Usimwambie hivyo, mama. Mzazi anayemsukuma mtoto azungumze anaifanya kazi ya mpelelezi, na mtoto hukubali lolote ili aruhusiwe kurudi nyumbani. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 40, unakataza kumlazimisha mtoto kukiri kosa, na unampa haki ya kupata msaada wa kisheria. Kaa karibu naye, omba wakili, na udai kwamba maswali yasimame mpaka wakili afike.

Maelezo yangu yameandikwa kwa lugha nisiyoielewa vizuri. Nitie saini?

Usitie. Omba mkalimani, usomewe maelezo yote kwa sauti, na kila kosa lisahihishwe mbele yako. Ukiridhika, weka saini katika kila ukurasa, na katika ukurasa wa mwisho iweke mara tu chini ya mstari wa mwisho, pasibaki nafasi ya kuongeza neno.