Kitenge cha Mfarishi wa Kaleidoskopu

Dada yangu wa Nakuru, umeuliza kama doti yako ya leso yenye ua moja kubwa katikati itafaa kwa mfarishi wa viraka wa mtindo wa kaleidoskopu, yaani wenye maduara ambayo chapa yake hujirudia kuzunguka kitovu kama kwenye bomba la kuchezea lenye vioo. Kwa maoni yangu haitafaa, kwa sababu kila duara hushonwa kwa pembetatu 8 zilizokatwa mahali pale pale pa chapa, ilhali ua lako liko mara 2 tu katika doti nzima. Tafuta kitenge chenye maua makubwa yaliyopishana na rangi zinazotofautiana sana. Nukta ndogondogo, hata zikipendeza dukani, zikishakatwa hufanana na ukungu. Kabla ya kulipa, pima kutoka ncha ya ua hadi ncha hiyo hiyo linapojirudia: likijirudia kila sentimita 60, marudio 8 ni mita 4.8, na pande la yadi 6 (karibu mita 5.5) litatosha. Mimi huenda soko la Kibuye, Kisumu, na vioo viwili vidogo, nikavisimamisha juu ya kitambaa kwa pembe ya digrii 45 ili nione duara litakavyokuwa (wauzaji wamezoea kunicheka). Uzuri wa kitenge cha nta (wax) ni kwamba chapa yake huonekana pande zote mbili, kwa hiyo ukigeuza pembetatu 4 na kuzipanga kwa kupishana na zile 4 zisizogeuzwa, utapata umbo lile lile linaloonekana kwenye vioo. Kifue kabla ya kukata, kisije kikachuja rangi baadaye.