Maswali ya Jikoni: Pilau ya Krismasi kwa wageni 14

Hamjambo wahariri. Krismasi hii marafiki zetu 14 watakula kwetu. Pilau ya kilo moja hunitoka vizuri, lakini nikipika kilo mbili kwenye jiko la makaa, chini huwa bokoboko na juu mchele una kiini. Maji napima vikombe viwili kwa kimoja cha mchele. Nakosea wapi?
*Msomaji, Kondele, Kisumu*

Dada, tatizo la kwanza ni maji. Kipimo chako kinafaa sufuria ndogo, ambayo hupoteza maji mengi kwa mvuke ukilinganisha na mchele uliomo. Ukizidisha mchele mara mbili, mvuke hauzidi mara mbili. Tena supu ya nyama na nyanya ni maji pia, na wengi husahau kuzihesabu.

Kilo mbili za pishori ni kama vikombe 10 vya robo lita. Osha, loweka dakika 20, chuja kabisa, kisha tumia vikombe 15 vya maji, supu ikiwemo. Ukinunua mchele wa Ahero uliovunwa karibuni, anza na 14, kwa sababu mchele mpya haunywi maji kama uliokaa ghalani. Usichanganye aina mbili. Moja itavurugika kabla nyingine haijaiva.

Sasa vitunguu, maana rangi na utamu wa pilau vyote hutoka hapo. Kata vikubwa 8, vyembamba na vya unene mmoja, uvikaange kwa kikombe kimoja na nusu cha mafuta, moto wa wastani. Vikianza kugeuka rangi usiondoke jikoni. Vikishakuwa kahawia, epua na unyunyize supu kidogo kidogo, ukikaa mbali maana mafuta yataruka. Supu huzuia visiendelee kuungua na hutoa ile rangi. Vikiwa vyeusi, vitupe uanze upya. Uchungu huo haufichwi na nyanya wala sukari.

Rudisha motoni, tia kitunguu saumu na tangawizi, binzari nyembamba vijiko 3 vya kula, iliki 10, karafuu 8, mdalasini vijiti 3 na pilipili manga kijiko kimoja cha chai. Fuata na nyama kilo 2 iliyokwisha kulainika, nyanya 4, kisha supu. Ionje kabla ya mchele: iwe imekolea chumvi kupita kidogo, kwa kuwa mchele utaivuta.

Maji yakikaribia kukauka na vitundu vikionekana juu, geuza mara moja tu kwa mwiko mpana. Toa makaa mengi chini, funika, palia makaa juu ya kifuniko, uache dakika 25. Kile kiini cha juu kilitokana na moto wa upande mmoja.

Kuku wa kienyeji niliyezoea kumpika Kisumu huniwia mgumu tangu nihamie Nakuru. Ni kuku au ni mimi?
*Mama B., Nakuru*

Mama, ni mwinuko. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Kisumu, iliyo mita 1,130 hivi, hufika 96. Jogoo mzee atahitaji saa mbili na nusu au zaidi, kwa moto mdogo. Kumtokosa kwa nguvu hukaza nyama. Presha kuka hupandisha joto hilo na kummaliza kwa dakika 45. Akichemshwa usiku wa kuamkia sikukuu, aingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Kama huna friji, mpike alfajiri.

Kachumbari yangu hujaa maji kabla wageni hawajakaa.
*Msomaji, Kakamega*

Chumvi ndiyo huyatoa. Kata mboga mapema, toa mbegu za nyanya, na utie chumvi na ndimu sahani zikiwa tayari mezani.