Maswali ya gereji: breki inayong'ang'ania, inayozama na inayovuta upande

Barua za wiki hii karibu zote ni za breki, na karibu zote ni za magari ya zamani yanayolala karibu na bahari. Tumechukua tano.

Asalaam aleikum mafundi. Nina Peugeot 504. Nikitoka Malindi, kabla sijafika Gongoni gurudumu la mbele kushoto huchemka hata halishikiki, na gari huwa zito. Likipoa linaachia. Pedi zimebadilishwa mara mbili. (Msomaji, Maweni)

Waleikum salaam. Pedi zimeonewa bure. Breki inayong'ang'ania husababishwa na mojawapo ya mambo matatu: pistoni ya kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) imegwama kwa kutu, paipu ya mpira imevimba kwa ndani, au masta silinda (pampu ya mafuta inayosukumwa na pedali) hairudishi mafuta. Usinunue kitu bado. Liendeshe gari mpaka lishikane, liegeshe mahali tambarare, tegea mawe magurudumu ya nyuma, inua mbele kwa jeki na uweke stendi. Zungusha gurudumu kwa mkono. Likiwa limekaza, legeza skrubu ya kutolea hewa kwenye kalipa kwa robo mzunguko, ukijihadhari na joto. Gurudumu likibaki limekaza, pistoni ndiyo iliyogwama. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, kulikuwa na presha iliyonaswa.

Sasa funga skrubu, kanyaga breki tena hadi ishikane, kisha legeza nati pale paipu ya chuma inapoungana na ile ya mpira. Gurudumu likiachia, presha ilinaswa juu, upande wa masta. Lisipoachia, paipu ya mpira ndiyo mbaya. Kwa nje inaweza kuonekana mpya kabisa. Nguvu ya mguu husukuma mafuta yakapita, lakini pedi hazina nguvu ya kuyarudisha. Badilisha ya kushoto na ya kulia pamoja, maana umri wao ni mmoja.

Kwa kuwa linaloshikana ni gurudumu moja tu, hatuishuku sana masta, kwani yenyewe hushikisha ya mbele yote mawili. Hata hivyo kagua fito inayoisukuma: ikikosa uwazi wa kama milimita 1, pistoni hairudi hadi mwisho, na kitundu cha kurudishia mafuta kinabaki kimezibwa. 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Breki zake ni nzuri zikiachwa zipumue.

Mafundi, Volkswagen yangu ya mgongo wa kobe pedali inaenda chini sana, lakini nikikanyaga mara ya pili inapanda. Nimeambiwa nibadilishe masta silinda. (Msomaji, Watamu)

Ngoja kwanza, dada. Pedali inayopanda kwa mkanyago wa pili na kuwa ngumu huonyesha kwamba brek shuu (vipande vilivyopinda vinavyotanuka kushika breki) ziko mbali na drami, ile ngoma inayozunguka na gurudumu. Kila gurudumu lina nyota mbili za kurekebishia. Kanyaga pedali mara chache shuu zikae katikati, zungusha nyota kwa bisibisi hadi gurudumu likaze, kisha irudishe meno 3 au 4. Fanya hivyo kwa kila nyota.

Pedali ikiwa laini kama sponji, hiyo ni hewa. Ikizama polepole huku mguu umetulia, tafuta mahali mafuta yanapovuja; ukikosa, hapo ndipo raba za masta zinapolaumiwa. Wakati wa kutoa hewa weka kipande cha ubao chini ya pedali. Ukikanyaga mpaka chini, raba hupita juu ya kutu ambako hazijafika miaka mingi, nazo huchanika. Masta nyingi hufia mikononi mwa fundi kwa namna hiyo.

Kijana wangu amejazia mafuta ya steringi kwenye chupa ya breki. Ni kidogo tu. Kuna ubaya? (Msomaji, Mambrui)

Upo, mzee wetu. Gari lisitoke. Mafuta ya aina hiyo huvimbisha raba za breki. Tia matone machache ya kilichomo chupani ndani ya glasi ya maji: mafuta halisi ya breki huchanganyika, ya steringi huelea. Yakielea, badilisha raba zote, za masta na za silinda za magurudumu, pamoja na paipu za mpira, halafu osha paipu za chuma kwa spiriti na uzikaushe kwa upepo.

Kisha jaza DOT 4, aina ya mafuta ya breki. Ikiwa mpya huchemka si chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya unyevu kipimo chake ni 155, na unyevu wa pwani hii mnaujua. Imwage kila miaka 2. Usiichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni.

Handbreki ya Land Rover Series III haishiki. (Msomaji, Mokowe)

Drami yake haiko kwenye magurudumu, iko nyuma ya transfa (boksi la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma), pale shafti ya nyuma inapoanzia. Sili ya transfa ikivuja, lainingi (tabaka la shuu linalosugua drami) hulowa oili ya gia. Badilisha sili kwanza, kisha shuu. Lainingi iliyolowa usihangaike kuiosha kwa petroli. Ukimaliza, kaza skrubu ya kurekebishia hadi drami isizunguke, halafu iregeze kidogo hadi iwe huru.

La hatari ni hili: ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma) huliacha lizunguke, na gari hubingirika hata handbreki ikiwa imevutwa. Tegea mawe kwanza. Na handbreki usiivute gari likiwa mwendoni.

Datsun pikapu yangu ikishika breki inavuta kulia. Huwa naiteremsha mchangani. (Msomaji, Malindi)

Inavuta kulia kwa sababu kulia ndiko kunakoshika. Kwa hiyo fungua kushoto: silinda iliyogwama, au lainingi yenye grisi au mafuta. Vumbi usilipulize, lifute kwa kitambaa chenye maji, maana lainingi za kale zina asbesto. Na kwa kuwa unaiteremsha mchangani, ukiwa chini hapo zikwangue paipu za chuma kwa kucha. Zikibambuka magamba, usizipake rangi, weka mpya.