Mafia kwa anayetaka kuvua: kaa Kilindoni, fuata upepo

Mkuu, umeuliza kama mtu wa kipato cha kawaida anaweza kwenda kisiwa cha Mafia kuvua sulisuli (yule samaki mkubwa wa mdomo mrefu kama mkuki) na jodari kwa fimbo ya kuvulia, au ni burudani ya wageni wa hoteli za Utende tu. Unaweza kabisa. Nimekwenda mara kadhaa kwa njia ya kawaida, na la kwanza nakwambia hili: likizo yako iombe kwa kufuata upepo.

Samaki wakubwa wanapita mashariki ya kisiwa, kwenye kilindi, na kusi, upepo wa kusini wa katikati ya mwaka, likivuma huko hakukaliki. Masika nayo usiyajaribu. Mimi napenda tanga mbili, kipindi cha kubadilishana pepo, ya mwisho wa mwaka, Oktoba na Novemba, bahari ikiwa imelala. Kaskazi, upepo wa kaskazini, ikishaanza bado utavua, ila toka alfajiri kabla upepo haujapanda.

Ndege ndogo kutoka Dar ni kama nusu saa. Sisi wengine tunapanda gari hadi Nyamisati, bandari ya upande wa bara, halafu chombo hadi Kilindoni. Pale mjini kuna gesti za bei nafuu, na manahodha unakaa nao kwenye kahawa jioni. Usimlipe wa kwanza anayekufuata gatini. Muulize anayekupeleka atarambaza (ataburuta mishipi nyuma ya boti) wapi, bamvua, yale maji makubwa, linaangukia lini, jaketi okozi ziko ngapi. Nahodha mzuri atakujibu bila haraka, na siku ikiwa mbaya atakwambia msitoke. Huyo mshike.

Hifadhi ya Bahari ilianzishwa 1995, ya kwanza nchini, kilomita za mraba 822, na imechukua Utende, Chole, Juani na Jibondo. Kuna kiingilio, kuvua humo kunahitaji kibali, na yapo maeneo yasiyoguswa kabisa. Pita ofisi yao Utende kabla hujapanga safari ya boti. Wavuvi wa Jibondo wanaishi na masharti hayo kila siku, sisi wa kuvua kwa starehe hatuna kisingizio.

Nguru na jodari mmoja wa kula, sawa, jodari wa nazi wa Kilindoni hana mfano. Sulisuli mrudishe, nakuomba. Beba ndoana za duara, humshika pembeni mwa mdomo badala ya kumezwa. Usimpandishe botini kwa ajili ya picha. Mshike mdomo wake mrefu akiwa majini, boti iende taratibu ili maji yapite kwenye matamvua, na akianza kupiga mkia mwenyewe mwachie. Wapo watakaokucheka kwa kuachia samaki mkubwa hivyo. Waache.

Miezi hiyohiyo ya Oktoba na Novemba papa potwe, wale wakubwa wa madoadoa, wanakuja kula karibu na Kilindoni. Wanaogelea juujuu, ndoana inayoburutwa inaweza kuwanasa, kwa hiyo mkiwaona pandisheni mishipi yote na nahodha apunguze mwendo.