Jibu: Kuteleza vilimani Dodoma wakati wa kipupwe

Habari ndugu. Umeuliza kwa nini unateleza kila unaposhuka vilima vya Dodoma miezi hii ya Juni hadi Agosti, ilhali mvua imekwisha, na kama kuna cha kutazama porini wakati kila kitu kimekauka.

Kwanza kagua soli za viatu vyako, kwa sababu changarawe iliyolala juu ya mwamba mkavu huviringika kama punje za mtama, na soli iliyolika haipati pa kushika. Mimi nilianguka mara mbili ndipo nikajifunza kushuka kwa hatua fupi, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo. Upepo wa kusini-mashariki nao, anza safari ukiupata usoni, ili wakati wa kurudi, wewe ukiwa umelowa jasho, ukusindikize kwa mgongoni.

Kuhusu kutazama, nakusihi utoke jua linapochomoza, karibu saa 1 kasorobo, uwaone pimbi wakiota jua maweni, na uzisome nyayo za kwale na kanga kwenye vumbi kabla upepo haujazifuta. Mibuyu nayo, ikishapukutisha majani, huonyesha makovu ya magome yaliyochunwa kwa ajili ya kamba. Wakati wa masika mtu huweza kupita bila kuyaona makovu hayo.