Maswali na Majibu: Kupima Utendaji wa Swichi Pepe

Barua za juma hili zinahusu jambo moja: namna ya kupima utendaji wa swichi pepe, yaani programu inayopitisha pakiti kati ya mashine pepe na kadi ya mtandao ndani ya seva. Waandishi wote wanatumia Open vSwitch, baadhi ile iliyomo ndani ya kerneli (sehemu kuu ya mfumo endeshi) ya Linux, wengine ile inayoendeshwa kwa maktaba za DPDK, ambazo hupitisha pakiti bila kupitia kerneli.

Nina seva moja yenye mashine pepe mbili. Nikiendesha iperf kati yao napata zaidi ya gigabiti 20 kwa sekunde. Je, hiyo ndiyo nguvu ya swichi yangu? (Fundi wa seva)

Hapana, ndugu yangu. Programu ya iperf hupima safari nzima ya TCP, kuanzia programu inayotuma hadi ile inayopokea, na swichi ni kituo kimoja tu katika safari hiyo. Tena swichi ya kerneli hukabidhiwa na mashine pepe vipande vikubwa vinavyoweza kufikia kilobaiti 64 kwa mkupuo, wakati fremu ya kawaida ya Ethernet, yaani pakiti kama inavyosafiri kwenye waya, haizidi baiti 1,518. Swichi huamua pakiti iende wapi mara moja kwa kila kipande, kwa hiyo namba kubwa ya gigabiti inaweza kuficha idadi ndogo ya maamuzi.

Tafuta seva ya pili, uweke humo jenereta ya pakiti kama TRex, ambayo haiuzwi, kisha uunganishe poti zake mbili moja kwa moja na poti mbili za seva inayopimwa. Kabla ya hapo, chomeka kebo kutoka poti moja ya jenereta hadi nyingine na uhakikishe kwamba inatuma na kupokea kwa kasi kamili bila kupoteza chochote. Usipofanya hivyo, huenda ukaipima jenereta ukidhani unapima swichi.

Kwa nini kila mtu hupima kwa fremu za baiti 64, ilhali watumiaji wetu hutuma pakiti kubwa zaidi? (Mwanafunzi wa mitandao)

Hesabu yenyewe inajibu. Kila fremu husindikizwa na baiti 20 za utangulizi na nafasi tupu kwenye waya, kwa hiyo fremu ya baiti 64 huchukua baiti 84, sawa na biti 672. Poti ya gigabiti 10 inaweza basi kubeba fremu milioni 14.88 kwa sekunde, na kila moja huachiwa nanosekunde 67.2 tu. Kiini cha prosesa cha gigahezi 3 kina mizunguko takriban 200 ya kuisoma, kuitafutia njia na kuitoa. Kwa fremu za baiti 1,518, poti hiyo hiyo hubeba takriban 812,700 kwa sekunde, kazi ambayo hata swichi dhaifu inaweza kuimudu. Waraka wa RFC 2544 wa mwaka 1999, unaoeleza namna ya kupima vifaa vya mtandao, unataja ukubwa saba kwa Ethernet, kuanzia 64 hadi 1,518. Pima zote, maana hali halisi ya watumiaji wako ipo katikati.

Nikirudia jaribio lile lile napata majibu tofauti. Tatizo ni nini? (Mhandisi wa kituo cha data)

Swali hili ndilo ninalolithamini kuliko yote, kwa sababu jibu lisilorudiwa haliwezi kutumiwa na mtu yeyote. Anza na umeme: zima hali za usingizi za prosesa na uongezaji wa kasi wa ghafla katika BIOS. Kisha tenga viini vya swichi kwa kigezo cha isolcpus ili kerneli isivipe kazi nyingine, na usiweke nyuzi mbili (kazi zinazoendeshwa sambamba) za swichi kwenye kiini kimoja halisi.

Hatimaye tazama NUMA, yaani mpangilio wa seva yenye prosesa zaidi ya moja, ambapo kila prosesa ina kumbukumbu na kadi zilizo karibu nayo. Niliwahi kupoteza siku mbili nikibadilisha mipangilio ya swichi bure, hadi nilipofungua faili la numa_node chini ya anwani ya PCI ya kadi na kukuta limeandikwa 1, wakati nyuzi zangu zote zilikuwa kwenye prosesa namba 0. Kila pakiti ilikuwa ikivuka kutoka prosesa moja hadi nyingine. Nilibadilisha thamani ya pmd-cpu-mask, inayochagua viini vya nyuzi za swichi, na majibu yakatulia siku hiyo hiyo.

Je, niruhusu upotevu kidogo wa pakiti? (Fundi wa seva)

RFC 2544 huhesabu kasi ya juu isiyopoteza hata fremu moja, na hutaka kila jaribio lidumu sekunde 60 au zaidi. Kwa programu inayoendeshwa ndani ya Linux, kukatizwa mara moja kunaweza kupoteza pakiti chache na kuyumbisha matokeo. Mimi hupima mara mbili, kwa upotevu sifuri na kwa asilimia 0.001, na kuandika yote mawili waziwazi.

Jenereta yangu hutuma kutoka anwani moja kwenda anwani moja. Inatosha? (Mwanafunzi wa mitandao)

Haitoshi, na hapa ndipo taarifa nyingi hupotosha bila kukusudia. Open vSwitch ya DPDK huweka kumbukumbu ya haraka ya mikondo (pakiti zenye anwani na poti zile zile) iliyokwisha kuiona, yenye nafasi 8,192 kwa kila uzi kwa chaguo-msingi. Mkondo mmoja hupatikana humo papo hapo. Mikondo laki moja haitoshei, na nyingi za pakiti hulazimika kutafutwa kwa njia ndefu zaidi. Pima kwa mkondo 1, kisha 1,000, kisha 100,000. Kati ya vipimo, futa hesabu kwa ovs-appctl dpif-netdev/pmd-stats-clear, halafu soma pmd-stats-show, ambayo huonyesha ni pakiti ngapi zilipatikana kwenye kumbukumbu hiyo na ngapi zilipitia njia ndefu.